Kilatini cha Kondele

Baba hushona hadi saa nne usiku,
mguu kwenye cherehani, jicho kwenye kitabu changu,
akiniuliza maswali asiyojua majibu yake.

"Mensi rea ni nini, Akeyo?"
Nia ovu, baba.
"Na aktasi reusi?"
Tendo lenyewe.
Huitikia kwa kichwa kama hakimu,
pini nne mdomoni.

Mwaka jana nilianguka kwa alama tatu.
Hakusema kitu.
Alisogeza tu taa karibu na daftari langu,
yeye akatunga uzi kwa kupapasa.

Leo ukumbini Milimani panuka rangi mbichi.
Swali la kumi na moja likanikausha koo
mpaka nikaisikia cherehani,
tak-tak, tak-tak,
"Mensi rea ni nini, Akeyo?"

Nikaandika: nia ovu, baba.
Kisha nikafuta "baba",
polepole.