Mikono ya Mkaa

Mbao ya mbili kwa sita, mbichi,
haibembelezeki.
Inatoka kwenye msumeno imelowa utomvu wa msindano,
nzito kama mtu aliyekataa kuamka,
na lori la Kikoti linasubiri,
ubavu wake umepita kichwa changu.

Mpaka kifuani nilikuwa naifikisha.
Hata kidevuni.
Ila ile shubiri ya juu, ya kunyoosha viwiko
ili mbao ivuke ukingo,
hapo mikono ilinisaliti mbele ya wanaume.
Mdemu akaja kumalizia kwa kidole,
kwa kidole kimoja! huku akicheka,
na mia mbili yangu ikawa mia.

Jioni Sigrada akaniita bandani.
Huyu alipitia jeshi la kujenga taifa enzi zake,
sasa anakaanga viazi nyuma ya stendi ya Mafinga.
"Lala kifudifudi," akasema.
Nikadhani anataka kuniombea.
Akaokota mkaa kwenye jiko lake
akachora sakafuni jozi tatu za mikono.

Ya kwanza pana,
kama ya muuza vitenge anayepima pima.
Nikashuka, kifua kikafunguka kama mlango wa stoo,
nyuzi zikavutika toka kwapani hadi mfupa wa kati.
Kumi nikapiga. Nikajiona.
"Hicho unacho," akasema, wala hakusifu.
"Kifua chako hakidaiwi.
Na ukizidi kutanua, bega litakuja na risiti."

Ya pili chini ya mabega,
vidole mbele, viwiko visitawanyike
kama mbawa za kuku anayefukuzwa.
Hapo kila msuli ulipewa jembe lake,
tumbo nalo likashika kamba isilegee.
Ni msaragambo: asiyefika anaonekana.
Kwenye ya saba nikaanza kutetemeka,
na asiyefika nikamhisi, bado simjui jina.

Ya tatu viganja vimekaribiana,
gumba kwa gumba, shahada kwa shahada,
katikati tundu la umbo la kashata.
Uso wangu ukalishukia lile tundu.
Moja.
Ya pili haikuwapo.
Pua ikagota kwenye mkaa,
nikabaki pale, nusu nimelala, nusu nimeaibika.
Sigrada akaniminya nyama ya nyuma ya mkono
kama anayechagua parachichi.
"Hapa," akasema, "hapa ndipo ilipokatwa mia yako."

Julai ya Mafinga haina huruma na sakafu.
Alfajiri ukungu unaingia bandani bila hodi,
saruji inauma viganja kama bati la barafu.
Nilianza juu ya gogo, mikono imekaribiana,
maana gogo linakupunguzia uzito wako mwenyewe.
Wiki ya tatu nikateremka.
Mbili. Nne. Siku moja sita, siku ya pili tatu tu,
sijui kwa nini, labda ugali ulikuwa mdogo.

Na kuna jambo michoro ile haikulijua:
mkono wangu wa kushoto.
Nilianguka kwenye mfyulisi wa babu nikiwa na miaka tisa,
bega likaungwa likaungika linavyotaka lenyewe.
Vidole vikitazama mbele, linalia kwa ndani.
Nikakigeuza kiganja kidogo, kama anayefungua mtungi.
Likanyamaza.

Agosti, mbao ile ile, au ndugu yake.
Kidevuni. Usoni.
Mdemu kidole chake amekiweka tayari.
Viwiko vikanyooka,
cha kulia kwanza, cha kushoto kikifuata kwa manung'uniko,
mbao ikavuka ukingo, ikalia kwa! juu ya wenzake,
na kile kidole kikabaki hewani
hakijui kiende wapi.

"Mia na hamsini," Kikoti akasema. "Tuone kwanza."

Mvua ilikuwa imeingia bandani, michoro imefutika.
Nikachukua mkaa nikachora upya,
wa kushoto umepinda kidogo.
Sigrada akasimama na ndoo yake ya maganda,
akatazama sana.
Hakufuta.