Plagi ya Nane

Injini inamisi tangu Jumanne.
Tik, tik, tik, kama mtu mwenye kucha ndefu
anayegonga meza akingoja jibu.
Nikipanda kilima cha akina Wiebe inazidi,
nikishuka inanyamaza, mnafiki.

Leo ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ghala lina hita moja ya mafuta ya taa,
nami nina glavu zilizokatwa vidole.
Baridi ya Saskatchewan haikuulizi umevaa nini,
hukuonyesha tu ulichosahau.

Nimeinua boneti. Silinda nane:
nyingine ziko mbele, zinasalimika;
za nyuma zimejibanza chini ya kioo
ambako mkono wa mtu mzima
huingia kwa kuomba.
Napuliza mashimo kwanza kwa pampu ya baiskeli.
Changarawe moja ikitumbukia humo,
gharama yake ni ndama wawili.

Halafu koili, moja moja,
kila moja na waya wake, nisivunje ndoa za watu.
Juu ya kila koili pana nukta nyekundu,
rangi ya kucha ya dada yangu Marusia,
niliyomwibia majira ya baridi mitatu iliyopita
nilipobadilisha plagi zote.
Baba alinifundisha: ukikaza, tia alama.
Usiiamini kumbukumbu, haina spana.

Ya kwanza, imara. Ya pili, imara.
Ya tatu ilikubali robo mzunguko kisha ikagoma.
Ya nne, ya tano, ya sita.
Ya saba ilinichubua kidole cha shahada
nikaitukana kwa Kiukreni, lugha ninayoijua
kwa matusi na kwa vyakula tu.

Ya nane nilitia spana
na spana haikupata kazi.
Niliizungusha kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa.
Ikatoka nyeusi, masizi hadi shingoni,
washa yake imelika upande mmoja.

Garnet, nikasema. Garnet Pelletier,
aliyeishika injini hii mara ya mwisho, Oktoba.
Ijumaa nilimpigia simu karakana
nikamwambia maneno ambayo hayakazwi tena,
wateja wawili wakisikia.
Yeye alisema tu, "Zile za nyuma sikuzigusa, Darla."

Nikachukua kioo kidogo cha Marusia, hicho nacho cha wizi,
nikakishika pamoja na tochi
juu ya koili ya nane.
Hapakuwa na nukta.

Na hapo ndipo mtamba alipolia kichwani mwangu.
Usiku ule, plagi saba zimekwisha,
ya nane nimeianza kwa mkono,
nikasikia mlio huo zizini, nikaacha kila kitu.
Ndama alikuja miguu mbele, ya nyuma,
nilivuta hadi saa tisa, theluji ikinijaa kwenye buti.
Akaishi. Nikarudi nikicheka peke yangu,
nikafunga boneti.

Yule ndama sasa ni ng'ombe, ana wake.
Yuko nje hapo, anatafuna, hana habari.

Plagi mpya. Nimepima mwanya kwa geji,
nimeichomeka kwenye kipande cha mpira
na kuizungusha polepole, kwa ncha za vidole.
Hesi ikikataa, simama. Ilikubali.
Kisha spana ya kipimo, hadi iliposema
kak, neno moja, inatosha.
Nukta nyekundu. Nikaipuliza ikauke.

Nimewasha. Nimengoja tik.
Injini inanguruma sawasawa, haina la kusema,
na mimi nimebaki na ukimya wote huu
na kilomita kumi na tisa hadi mjini.

Ningeweza kupiga simu.
Lakini yale niliyasema mbele ya watu.