Sikio la Kulia

Nimeingia duka la Barabara ya Kumi na Tatu
na laki mbili na ishirini ndani ya soksi,
pesa ya mbuzi wawili na mabaki ya kiinua mgongo,
nikauliza hedifoni nzuri.
"Nzuri kiasi gani, mzee?"
Nzuri ya kusikia gitaa la rithimu.

Kijana, Mwinjuma jina lake, hakucheka.
Akanipangia mezani kama anayeuza viatu:
hizi elfu thelathini, hizi themanini,
na zile za kwenye kioo, laki sita na nusu,
hizo aliziinua kwa mikono miwili
kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini.

Za thelathini: besi imevimba kama mguu wa matende.
Za themanini zina adabu kidogo, ila
kila chombo kimekaa mbali, nyuma ya pazia,
kama wakwe.
Za laki sita na nusu nilizivaa nimesimama.
Nikamsikia mwimbaji akimeza mate
kabla ya neno la kwanza.
Nikazivua haraka.
Ukionja pilau ya watu, ugali wako hukutazama vibaya.

Nikamwambia: Mwinjuma, niuzie nusu bei.
Sikio hili la kushoto lilibaki shambani,
miaka kumi na tisa pembeni ya korona
(si ugonjwa ule; mashine ya kuchakata mkonge,
iliyonguruma hata nikirudi nyumbani
mke wangu ananiita kwa kunirushia ndala).
Sikio la kufa halisikii dawa,
besi italisikia wapi?
Mimi ni mteja nusu.

Hapo ndipo alipocheka.
Kisha akaacha kucheka, akainama chini ya kaunta,
akatoa boksi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Zilezile za kwenye kioo.
Kazirudisha mtu wa Raskazone,
upande wa kulia umekufa.
"Fundi kashindwa. Wa kushoto mzima kabisa. Laki mbili."
Laki na themanini.
"Mzee, hizi ziliumbwa zikikungoja wewe."
Tukakutana laki na tisini.

Upande mzima wa kushoto, sikio zima la kulia:
nikazivaa kinyume, waya umepita pasipo pake,
nikatembea hivyo mpaka Chuda
watoto wakinitazama.

Usiku nikauweka ule wimbo wa themanini na nne,
bendi ya shamba, mashati ya njano, kola kama masikio ya tembo.
Aliyerekodi aliniweka kushoto,
Mhina na solo lake kulia.
Kwenye redio ya spika moja sote tulikuwa uji.
Miaka arobaini sijawahi kujisikia.

Na niko hapo.
Kijana wa miaka ishirini na saba, ana haraka,
kidole kinateleza kwenye waya kwa sauti ya panzi.
Niko hapo mpaka ubeti wa tatu,
pale Mhina alipodai nimekosea,
pale nilipoapa kwa mama yangu kuwa ni yeye,
pale tulipoanza kusalimiana misibani tu.

Nimekosea.
Wazi, kama sarafu iliyodondoka msikitini watu wamerukuu.

Nimerudisha mara sita.
Za elfu thelathini zingenisitiri.

Mhina simsikii. Yuko upande uliokufa,
anapiga sawasawa, bila shaka,
kama alivyosema.

Kwenye soksi imebaki elfu thelathini.
Nauli ya Muheza haimalizi hata tano.
Nitampelekea, avae, asikilize mwenyewe.
Naye alisimama ng'ambo ya korona ileile,
mimi ikinila kushoto, yeye ikimla kulia.
Kwake hazina haja ya kugeuzwa.