Kipimo cha Baraza

Fundi Mzamilu alipochomoa futi kamba
bibi alimwambia airudishe mfukoni.
Akamwita Shekalaghe wa nyumba ya pili,
yule mwenye goti bovu,
akamketisha juu ya matofali makavu;
akaongeza moja, akapunguza, akaongeza,
hadi jirani akainuka bila kushika ukuta.
“Hapo hapo. Piga lipu.”

Ndiyo maana Barabara ya Kumi na Sita nzima
baraza yetu tu imepanda juu,
watoto wanachezesha miguu hewani,
wageni wanauliza fundi alikuwa nani.

Shekalaghe tulishamzika.

Jana kaka kaleta bei ya geti:
baraza ivunjwe, gari lipate pa kulala.
Karatasi yake niliisomea pale pale, nimekaa.
Nilipoinuka,
goti langu
halikuomba ukuta.