Fulana Ishirini na Tatu

Serahangi aliingia saa tano, simu mkono huu,
mkono ule kofia ngumu aliyosahau kuiacha getini Kilindini.
Akataka fulana ishirini na tatu, buluu,
kifuani namba themanini na saba,
chini yake neno nililolisoma herufi moja moja
kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu:
Bigkis-Alon.
Ni dawa? nikauliza. Timu ya mpira?
Ni chama, akasema. Cha mabaharia. Kwetu, Ufilipino.
Chatafuta viti bungeni.

Mimi nikisikia neno chama
mkono wangu huenda wenyewe kuifunga droo.
Juu ya kabati, muulize yeyote hapa Mwembe Tayari,
pana maboksi manne ya mheshimiwa wa uchaguzi uliopita.
Alishinda, akabadilisha namba ya simu.
Sasa uso wake wapangusa wino kwenye mashine yangu,
na mwingine nimeufanya kishikio cha sufuria.
Nikamwambia: hapa ni taslimu, tena kabla.
Akahesabu noti za wenzake,
nyingine zimekunjwa ndogo kama hirizi.

Mashine ikipata moto, alinieleza,
Kiingereza chake na changu
vikikutana kama wageni wawili wanaoulizana njia.
Karatasi ya kura ina vyama mia na ushei.
Wachagua kimoja. Asilimia mbili, kiti kimoja.
Hata mkipendwa vipi, vitatu mwisho.
Vitatu! Katika bunge zima?
Hicho si kiti, nikasema, ni kigoda cha jikoni.
Akasema: kigoda chatosha
mtu mfupi kukikanyaga akaonekana.

Kisha akamtaja mpishi wao, Isagani,
aliyeanguka ngazi ya injini mwaka jana,
na mjane wake anayetumwa ofisi hii hadi ile,
faili likinenepa, yeye akikonda.
Ataka mtu mmoja mle ndani
alitaje jina lile kwa sauti, liandikwe.
Basi.

Nikajishughulisha na wino.
Sikumwambia ya ndugu yangu Mwanakombo,
aliyerudi kutoka Uarabuni ndani ya sanduku
na cheti chenye maradhi ambayo hakuwa nayo.
Jina lake limetajwa wapi?
Kwenye hitima.

Saa kumi zilikuwa tayari, zanuka rangi.
Kura mwapigia wapi? nikamuuliza.
Ubalozini. Nairobi.
Na meli yang'oa nanga lini?
Usiku huu.
Sasa hizi fulana za nini?
Za picha, akasema. Kura watapiga wake zetu.
Wacha waone tuko wangapi.
Akazihesabu, akazihesabu tena, akanyamaza.
Mabaharia ni ishirini na wawili.
Moja, ile pana, ilikuwa ya mpishi.
Mkono wake ulikuwa umemhesabu kwa mazoea.
Hakuichukua. Wala hakudai pesa yake.
Niliitundika ukutani, iwe sampuli.

Juzi kaja kijana wa udiwani, miwani juu ya kichwa,
ataka kofia elfu moja, atalipa akishapita.
Akaitazama ile buluu.
Huyu agombea wapi?
Mbali.
Alishinda?
Sijui, nikamwambia. Alilipa.