Mkanda wa Tano

Nimeitazama filamu ile mara thelathini na moja
na sikulipa hata senti.
Nilikuwa kijana wa mashine, kule juu,
kwenye kijumba cha bati nyuma ya roshani,
nikimpokeza Bwana Jivanji mikanda,
jasho lanidondoka kidevuni,
na mbele yetu, ukutani, theluji inaanguka.

Muulizeni Feruzi. Atawaambia ni filamu ya usingizi:
mjane, nyumba, saa za ukutani ishirini
zote zimesimamishwa siku ya maziko,
na nusu saa nzima hapana anayekimbia.
Feruzi hupenda filamu za farasi.

Mimi nasema, litazame lile koti.
Koti la marehemu, msumarini, karibu na ngazi.
Mjane alipita mara ya kwanza: kavu.
Akaenda jikoni, akakata mkate, akarudi:
bega moja limelowa.

Hakuna aliyesema neno. Hata kinanda hakikupigwa.
Bega tu.
Alasiri za wanawake, kutoka kule juu,
nilisikia buibui mia mbili zikivuta pumzi moja,
na Bi Mwanamize wa Kibokoni, asiyejua neno la Kizungu,
akasema polepole, "Yumo ndani."

Alijua kabla ya mjane.
Huo ndio ufundi, mabwana. Si damu.
Damu hata mchinja mbuzi wa Mwembe Tayari anayo.

Kisha saa moja kati ya ishirini
ikaanza kwenda.

Sasa niwaambie usiku wa Ijumaa ile.
Mjane ameshuka ghalani, mshumaa mkononi,
kitasa cha mlango kinazunguka, robo tu,
na mkanda wa tano ukakatika.
Mwanga mweupe, pwaa! Halafu giza.

Siku zote mkanda ukikatika
hutupwa maganda ya machungwa, hupigwa mbinja,
hutukanwa Jivanji na mama yake Jivanji.
Usiku ule, hakuna.
Panka ililia kwa kutaka mafuta.
Mtu alivunja ganda la njugu,
akajuta, akaacha.
Wahenga walisema kimya kina mshindo;
mimi niliusikia, nikiwa na gundi vidoleni
na vidole havitaki kushika.

Haukuungika. Watu wakaenda zao bila mwisho.
Hakuna aliyedai pesa zake.
Feruzi, huyu huyu wa usingizi,
alirudi Kuze akitembea katikati ya njia,
mbali na milango ya watu.

Kesho yake walikuja tena, wakalipa tena.
Mlango ukafunguka: kumbe ni shemeji,
na kisu, na masharubu ya bandia.
Ukumbi mzima ukacheka.

Na kama hiyo haitoshi, akaja inspekta na kiko chake
akaeleza robo saa nzima, urithi, bima, mvua, koti,
kama mtu anayefukua maiti
ili atuoneshe kuwa kweli alikufa.
Hapo nina ugomvi na aliyeitengeneza.
Alijua kufunga mlango kuliko wote niliowaona,
kisha akaona haya, akaufungua.

Jivanji amekufa. Ukumbi sasa wauza matangi ya maji.
Juzi mjukuu wangu Rumaisa kaipata kwenye simu,
kajilaza mkekani, anatafuna achari ya maembe.
"Babu, hii ndiyo ya kutisha?"
Nikamwambia, tazama mpaka kitasa. Kikizunguka, zima.
"Na mwisho?"
Mwisho hauna maana. Zima.

Akazima, kwa kunistahi tu, nilivyodhani.
Akapiga mswaki, akajifunika shuka,
nami nikasinzia.

Saa saba za usiku, sauti ndogo:
"Babu, mlango wa chini una komeo?"

Una komeo, nikasema. Nimelitia mwenyewe.
Lakini niliondoka kitandani, nikashuka ngazi za mbao
moja moja, nikishika ukuta,
nikapita msumari wenye kanzu yangu.

Sikuligusa bega.