Kiambatisho cha Tisa

Serikali imefungua dirisha, ndivyo tangazo lilivyosema,
dirisha la wiki sita, la ruzuku ya nishati safi.
Tukachungulia: kurasa arobaini na mbili,
nyota nyekundu kando ya kila swali,
yaani usipojibu hili, usihangaike na lile.

Sisi ni kaya kumi na tisa, bonde la Cwm Gwynfel, kaskazini mwa Wales.
Kondoo ni wengi kuliko watu, mvua ni nyingi kuliko kondoo.
Kijito chashuka kutoka machimbo yaliyofungwa
kikigonga usiku kucha kama mdai.
Nguvu ya bure, inapita.
Sisi twanunua mafuta ya kupashia nyumba kwa lita.

Kamati ni mimi, Ithel, dereva wa basi la shule,
niliyechaguliwa kwa mwandiko mzuri,
na fomu yenyewe haiandikwi kwa mkono.
Gwenfron wa posta, ajuaye nywila zake zote kwa moyo
na kuzitaja kwa sauti.
Na Heulwen. Jina lake maana yake mwanga wa jua,
bondeni ambako jua huja kama mgeni
aliyeacha gari likinguruma.

Swali la nne walitaka upembuzi yakinifu.
Neno lenye ungo ndani yake; nililipenda
mpaka mshauri wa mjini alipotaja bei ya kupepeta:
pauni elfu kumi na nne, kabla ya kodi.
Kumbe ili uombe pesa, shurti uwe nazo.

Swali la tisa:
*ambatisha vipimo vya mvua na maji, miaka isiyopungua kumi.*
Nani hupima kijito?
Birika lilichemka, likajizima.
Heulwen akainuka bila kuaga,
akarudi na sanduku la viatu.

Madaftari thelathini na moja.
Kila asubuhi Meurig, mumewe, Mungu amrehemu,
alikwenda darajani na rula na mkebe wa biskuti.
"Nilidhani anakimbia kuosha vyombo," alisema Heulwen.

Kwa penseli:
*Machi 12. Milimita 41. Maji yamefika jiwe la pili. Mapacha zizini.*
*Agosti 3. Sufuri. Jiwe la nne kavu. H. kanuna.*
*Agosti 4. Sufuri. H. bado.*
*Oktoba 30. Milimita 66. Daraja limetikisika. H. kacheka.*

Usiku nane tulinakili.
Yeye akisoma, mimi nikiingiza tarakimu,
tukimwacha H. nje, maana jedwali halikuwa na safu yake.
Mara sauti ilikatika kwenye tarehe fulani,
nami nikangoja, nikijifanya nasafisha miwani.

Siku ya mwisho, dakika nane kabla ya saa sita usiku,
tovuti ikakataa: *faili ni kubwa mno.*
Miaka thelathini na moja ya mvua, ingekuwaje ndogo?
Gwenfron akaikata vipande vitatu
akitukana kwa Kiwelshi,
lugha ambayo tovuti ilikuwa nayo, ila si maneno yale.
Ikapita.
Tukapewa nambari ya risiti, ndefu kama treni ya mizigo,
na neno moja: asante.

Miezi mitano.
Kisha barua: asilimia sitini wametoa,
arobaini tutafute wenyewe, hatujui wapi.
Na kabla ya senti ya kwanza, waomba ufafanuzi,
Kiambatisho cha Tisa:
*kwa nini vipimo vinakoma tarehe 17 Februari, miaka mitatu iliyopita?*

Nilitaka kujibu mimi. Heulwen akavuta kibodi.
Akaandika: *Mpimaji alifariki.*
Akalitazama. Akalifuta.
Akaandika: *Upimaji unaendelea,*
akatia koti, akauliza rula iko wapi,
akatoka na mkebe.
Nje, bila shaka, ilikuwa ikinyesha.